Wimbo wa Mapasa Mbele ya Watoto

3 Novemba 1955

Leo Padri ameniweka kwenye komite. Sikuombwa. Niliwekwa, kama mtu anavyoweka ndoo chini ya bati linalovuja. Tuko watatu: Baba Lazare, katekista wa zamani, Monsieur Gaston, karani wa stesheni, na mimi, Mathilde Ndaya, mwalimu wa wasichana wadogo, kwa sababu alitakiwa mwanamke mmoja na mimi ndiye niliyekuwa napita uani wakati Padri anatafuta.

Kazi yetu ni kusema kama mchezo wa Stanislas, mfanyakazi wa reli, unafaa kwa watoto. Ni mchezo wa jukwaani, unaimbwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na nyimbo nyingi ni za Kiluba. Kiluba cha Padri kinaishia kwenye maungamo. Akasema, "Ninyi wazazi mtanieleza."

Stanislas anataka kuuonyesha tarehe 18 Desemba katika ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Waimbaji wake ni wasichana kumi na wanne wa shule yetu, shule ya Masera, yaani masista. Tukisema haufai watoto kuutazama, basi haufai pia watoto kuuimba, na bila wao hakuna mchezo. Ameutunga miaka miwili. Binti yangu Béatrice ni mmoja wa hao kumi na wanne.

Mvua tangu saa nane. Nimechoka na komite hata kabla haijakaa.

5 Novemba

Mvua. Nguo za juzi bado mbichi.

8 Novemba

Komite imekaa katika darasa langu, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Monsieur Gaston alikuja na viatu vyeupe katika matope haya yote, akatumia robo saa kuvisafisha kwa karatasi. Anapenda aitwe Monsieur, na mimi namwita, hainigharimu kitu. Baba Lazare sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo alikaa upande wa kushoto wa kila mtu, na ilichukua muda kupangana.

Stanislas alitusomea. Kazi yake ni kugeuza njia za treni pale stesheni, na ana mikono ya mtu wa vyuma, lakini akisoma sauti yake inakuwa ya mtu anayembembeleza mtoto. Hadithi ni hii. Mke wa mfanyakazi wa reli anazaa mapasa, yaani mapacha. Mume ana baiskeli na kofia mpya, anaona haya mbele ya wenzake wa kazini, anawakataza majirani wasije kuimba. Mapasa wanaanza kuugua. Mwishoni mume anatoka nje mwenyewe, anavua kofia, anaanzisha wimbo, na watoto wanapona. Niliisikiliza hadithi hiyo nikitazama kucha zangu.

Alipofika sehemu ya pili alisoma haraka: "Hapa watu wanaimba." Akataka kufunua ukurasa.

Monsieur Gaston akamzuia. "Ngoja kwanza. Banaimba nini?"

"Wimbo ya mapasa, Monsieur Gaston."

"Ile ya mu village?"

"Ingine haiko."

Wote watatu tunaujua. Mtu asiye wa kwetu hawezi kuelewa. Kwetu mapasa wakizaliwa, majirani wanazunguka nyumba wakiimba, na maneno ya nyimbo ni matusi. Wanamtukana baba, wanamtukana mama, wanataja viungo vyote ambavyo mtu mwenye adabu havitaji, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kwa mapasa tusi ndiyo heshima. Bibi anaimba, mjukuu anaimba. Baba wa mapasa akipita njiani anasalimiwa kwa tusi, naye lazima ajibu. Wasipoimbiwa, wazee wanasema, mapasa wanajiona hawakupokelewa na wanarudi walikotoka.

Baba Lazare ndiye aliyecheka kwanza. Monsieur Gaston akaandika kitu kwenye daftari lake na kukipigia mstari mara mbili. Mimi nikasema nina nguo za kuanua, na mvua ilikuwa inanyesha.

9 Novemba

Watoto hamsini na wawili darasani, na kikohozi kimoja kinachozunguka dawati kwa dawati.

12 Novemba

Béatrice amepewa kuimba peke yake. Alirudi mbio kutoka mazoezini, miguu matope mpaka magotini, hakungoja hata kuvuka kizingiti.

"Mama! Ba-Stanislas banasema minyi njo nitaimba sauti ya mutoto wa pili!"

Nikamwambia anawe miguu. Akanawa huku akiimba. Ana sauti safi, haikutoka kwangu wala kwa baba yake. Ana miaka kumi na mmoja na sijamwona akifurahi hivyo tangu alipopata kiatu chake cha kwanza. Nikamwambia aache kuimba, kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma.

16 Novemba

Kikao cha pili. Monsieur Gaston amepitia wimbo wote na kuhesabu maneno machafu: kumi na moja. Kisha akatusomea yote kumi na moja, moja moja, kwa sauti ile ile anayotangazia treni ya Luena. Baba Lazare alibana pua ili asicheke, akashindwa, akatoka nje.

Aliporudi alisema, "Minyi nilikuwa bado sina na meno, banaimba ile wimbo ku nyumba ya yaya yangu, dada yangu mukubwa. Na batoto yote ya kijiji iko pale. Njo minyi huyu, nilifundisha katekisimu miaka makumi tatu. Iliniharibu wapi?"

"Baba Lazare, ile ilikuwa zamani," akasema Monsieur Gaston. "Leo bazungu ba base ya jeshi batakuya kutazama. Batasema nini? Batasema tunafundisha batoto yetu matusi, na Masera banatazama tu."

"Bazungu habasikii Kiluba."

"Kuko muntu atabatafsiria. Kila mara kuko muntu."

Basi mmoja anasema ndiyo, mmoja anasema hapana, na wote wawili wakanigeukia. Nikaomba siku chache. Stanislas alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kofia mkononi, maji yakimdondoka, kama mtu anayengoja hukumu. Nilipita karibu naye bila kumwangalia.

17 Novemba

Mvua. Béatrice anaimba akitwanga, anaimba akichota maji, anaimba usingizini.

20 Novemba, siku ya Mungu

Urbain amerudi. Mume wangu ni mfunga breki wa treni za mizigo, namwona siku mbili kati ya tano. Baada ya misa nilimweleza habari ya komite. Alikuwa anakula. Aliendelea kula, lakini polepole zaidi.

Nitaandika jambo hili mara moja, na sitalirudia.

Mwaka 1944 tulikuwa kijijini, upande wa Kabongo. Urbain alikuwa anasomea ukatekista, na nilikuwa na mimba ya kwanza. Nikazaa mapasa. Alitoka kwanza mvulana, kisha msichana. Asubuhi hiyo hiyo wanawake wakaja na majani mikononi, wakaanza kuimba kutoka kwenye mihogo, nikawasikia wakikaribia, na nikafurahi. Urbain akasimama mlangoni. Akawaambia, "Hii nyumba ni ya Wakristo." Walidhani anatania. Akarudia. Wakanyamaza, wakaweka majani yao chini, wakaenda zao. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili na aliogopa kufukuzwa misioni. Simtetei, nasema ilivyokuwa.

Siku ya tisa mvulana alipata homa asubuhi, na kabla ya saa sita hakuwapo. Kwa pasa hakuna kulia. Ukilia, yule mwingine anamfuata. Basi sikulia. Nilikaa na msichana kifuani, nikang'ata kanga yangu. Tulimbatiza Béatrice, hatukumpa jina la mapasa, na kabla hajajua kukaa tulipanda lori kuja Kamina, Urbain akapata kazi ya reli. Kila mtu hapa tulimwambia kwamba alizaliwa peke yake. Yeye pia tulimwambia hivyo.

Sijui kama wimbo ungemponya. Mimi ni mwalimu, najua homa ni nini. Lakini najua pia kwamba alikaa kwetu siku tisa na hakuna mtu aliyemwimbia.

Sasa pasa mwenzake, mtoto wangu wa pili, anataka kusimama jukwaani na kuimba sauti ya mtoto wa pili, na hajui. Na watu wa Kabongo watakuwapo. Wako wengi reli hii.

Urbain alimaliza bukari, ugali wetu, akanawa mikono, akasema, "Sema hapana, Mama Béatrice. Tuko na amani. Tuikale na amani."

"Na Stanislas?"

"Atatunga ingine."

Hakupandisha sauti. Ni mtu mwema, hajawahi kunipiga, mshahara wote analeta nyumbani. Ndiyo maana inachosha: sina hata mahali pa kumkasirikia.

21 Novemba

Nimesema haufai. Monsieur Gaston alinishika mkono na kuniambia nimeyaokoa maadili. Nilikwenda nyumbani nikapika sombe, majani ya mihogo.

22 Novemba

Béatrice hakuimba.

23 Novemba

Béatrice amefagia uwanja mara mbili bila kutumwa. Ananijibu "ndiyo, Mama" kwa kila kitu. Afadhali angenuna.

24 Novemba

Watoto walipotoka, Stanislas aliingia darasani. Nilidhani amekuja kunilaumu, nikaanza kufuta ubao uliokwisha kufutwa.

"Mama Mathilde, niambie tu ni neno gani. Nitaitosha, nitaiondoa. Kama ni kumi na moja, nitatosha kumi na moja."

Nikatafuta neno la kutaja. Sikupata hata moja. Hayo maneno nimeyasikia tangu nikiwa mgongoni mwa mama yangu, hayajawahi kunichubua.

Akaketi kwenye dawati la mbele, akajikunja kama tulivyojikunja sisi. "Monsieur Gaston anasikia haya. Ile ninaelewa. Lakini weye hausikii haya, Mama. Weye unaogopa. Njo nini unaogopa?"

"Minyi ni mwalimu," nikasema. "Siogopi wimbo."

Hakubisha. Akaniambia habari zake mwenyewe. Yeye ni pasa, na jina lake Kyungu linasema hivyo kwa kila mtu, ni jina la aliyetangulia kutoka. Mwenzake alikufa wakiwa na miaka sita. Waliimbiwa vizuri sana, alisema, mpaka mama yao akapotewa na sauti, na bado mwenzake alikufa. "Basi wimbo si dawa, Mama. Mu mchezo niliandika banapona, juu bantu banapenda batoto bapone. Lakini si dawa. Ni kukaribisha tu. Muntu anafika, unamwambia karibu."

Nikaendelea kufuta ubao. Kisha akasema anaweza kufanya hivi: wasichana wafikapo kwenye maneno machafu, wafunge midomo na kuvumisha puani tu, mmm mmm, bila neno. Nikamwambia awalete mbele ya komite tusikie. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa sababu ya dawati, lilikuwa dogo mno kwake.

28 Novemba

Mvua imeangusha ukuta wa jiko la jirani. Hakuna aliyeumia ila sufuria.

1 Desemba

Kikao cha tatu. Wasichana kumi na wanne walisimama mbele yetu na kuimba, na kila walipofika kwenye neno walifunga midomo na kuvuma kama nyuki kwenye boga. Monsieur Gaston alifuatilia kwa kalamu, alama kumi na moja. Hakukuwa na neno hata moja. Akasema, "Voilà. Sasa iko convenable, inafaa." Baba Lazare alisema yeye hajui walichokuwa wanavumisha, sikio lake halisikii, anakubali. Nikakubali na mimi. Tumetumia wiki nne kufunga midomo ya wasichana kumi na wanne.

Béatrice aliponiona nimeinua mkono alitazama chini upesi, lakini nilimwona akitabasamu. Nikajiambia, bila maneno ni muziki tu, watu watapiga makofi na kurudi nyumbani.

Wakati wa kutoka nilitembea na Monsieur Gaston mpaka njia panda. Aliniambia binti yake anangoja nafasi kwa Masera wa Elisabethville, na kila barua ikichelewa anafikiri ni kwa sababu mtu fulani amesema jambo fulani kuhusu watu wa Kamina. Alikuwa amekanyaga dimbwi na hakutambua. Nimemcheka sana mwezi huu katika daftari hili. Leo nilimwona ni baba aliyechoka, basi.

6 Desemba

Barua ya Urbain kutoka Luena: treni zimejaa, hatarudi mpaka tarehe 20. Hataona mchezo. Nilipumua.

10 Desemba

Mvua. Nimeshona gauni la Béatrice, nimekosea pindo, nimefumua.

14 Desemba

Nimemaliza pindo.

18 Desemba, siku ya Mungu

Mchezo ulianza saa tisa mchana, kwa sababu ya watoto. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walikaa Padri, Baba Lazare kando yake, Masera wawili na wazungu watano wa base. Nyuma yao Monsieur Gaston na mkewe Lucienne, wamenyooka. Mimi nilikaa katikati, kati ya wanawake, nikidhani katikati mtu haonekani.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Mume mwenye kofia alichekesha, hata wazungu walicheka. Kisha ikaja ya pili. Ngoma ikaanza polepole, wasichana wakaingia na majani mikononi, na Béatrice mbele yao katika gauni langu. Aliimba mstari wa kwanza, ule wa kuita mapasa. Sauti ilipanda mpaka kwenye mabati. Wakafika kwenye neno la kwanza. Wakafunga midomo. Mmm.

Na ukumbi mzima ukasema neno.

Hatukuliwaza hilo, komite nzima, watu wazima watatu wa kwetu tuliozaliwa ndani ya wimbo huo. Wimbo wa mapasa ni wa kujibizana. Mmoja akianza, waliopo wanajibu, hauachi pengo likapita wazi, mdomo unajibu wenyewe. Tulifunga midomo kumi na minne tukasahau ile mia tatu ya ukumbini. Neno la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Kufikia la nne akina mama walikuwa wamesimama, watoto wamesimama juu ya viti, wote wanatukana kwa furaha, na waliovuma puani wakabaki ni wale wasichana tu, wakitii komite, macho yamewatoka. Niliona Padri ameinama kumuuliza Baba Lazare. Baba Lazare akajibu kwa sauti ya kiziwi, ukumbi wote tukasikia: "Banashukuru Mungu, Padri! Juu ya batoto!" Padri akaanza kupiga makofi kufuata ngoma. Monsieur Gaston alikuwa ameshika kichwa kwa mikono yote miwili, na Lucienne, mke wake, kando yake, alikuwa anaimba.

Mimi nilikuwa nimekaa. Meno nimeyauma.

Hapo ndipo Mama Léonie aliponiona. Anauza samaki wakavu mbele ya stesheni, na kijiji chake ni cha pili kutoka kwetu. Miaka yote tunasalimiana, hajawahi kusema neno. Leo wimbo ulikuwa umemkamata. Akanyoosha mkono juu ya vichwa vya watu na kuita:

"Ndaya! Mama ya mapasa! Weye njo unaikala? Simama bakusalimie!"

Mama wa mapasa akiwapo, wimbo unaelekezwa kwake. Ni desturi, hakuna ubaya aliokusudia. Walio karibu wakanigeukia, wakafungua nafasi, wakaanza kuniimbia mimi. Nikatazama jukwaani. Béatrice alikuwa ameacha kuvuma. Alinitazama mimi, akamtazama Mama Léonie, akanitazama mimi tena, na mtoto huyu si mjinga, alikuwa anahesabu.

Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kusema mama huyu amekosea mtu. Miguu ikanisimamisha. Nikajibu. Kuna sehemu ambayo ni ya mama peke yake, ya kurudisha tusi kwa wote waliomtukana, na nilidhani nimeisahau kwa kuwa sijawahi kuiimba. Ilitoka yote. Nilisema maneno yote kumi na moja mbele ya wanafunzi wangu, na mengine ambayo Monsieur Gaston hakuwa nayo kwenye orodha. Nililia pia, ingawa haifai. Niliona binti yangu yu mzima mbele yangu, ana miaka kumi na mmoja, hafuati mtu, nikalia.

Tulirudi nyumbani katika mvua, hatukukimbia. Béatrice alisubiri mpaka tumepita msikiti mdogo wa wachuuzi, akauliza:

"Alikuwa mwanamuke ao mwanaume?"

"Mwanaume. Njo alitangulia."

"Aliikala siku ngapi?"

"Tisa."

"Nani alikatala baimbe?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia umri wa baba yake wakati ule, na mambo aliyoogopa, na kwamba mimi nilikuwa kitandani na nilikuwa na sauti, na sikuitumia. Kabla ya kulala aliniomba nimfundishe ile sehemu ya salamu, anayoambiwa baba njiani. Nikasema mimi ni mwanakomite. Kisha nikamfundisha.

19 Desemba

Padri ametuita. Mtu amemtafsiria, kila mara yuko mtu. Hakufoka, aliuliza tu ni nani alisema mchezo unafaa watoto. Kabla sijafungua mdomo Monsieur Gaston alisimama akasema, "Siye yote tatu, Padri." Sitamsahau kwa hilo. Ukumbi umefungwa mpaka Pasaka. Stanislas anasema Pasaka si mbali.

20 Desemba

Mvua ndogo. Urbain alirudi saa kumi, mkoba begani, moshi wa treni usoni. Stesheni nzima walikuwa wameshamwambia, niliona katika mwendo wake. Alisimama mbele ya mlango, asiingie, kama mgeni.

Béatrice alitoka. Mtoto huyu hajawahi kumjibu baba yake bila kupiga goti. Alisimama wima, mikono kiunoni, akamsalimia salamu ya baba wa mapasa, nzima, kwa sauti ya jukwaani. Sitaiandika. Majirani walitoa vichwa madirishani.

Urbain aliweka mkoba chini, kwenye matope. Akavua kofia. Jibu la baba ni refu, na nilikuwa sijui kama analijua, maana katika nyumba yetu halijawahi kutamkwa. Alilijua lote, neno kwa neno. Alipomaliza nilidhani ataingia ndani. Hakuingia. Alifuta uso, akalirudia tena tangu mwanzo, kwa sababu watoto walikuwa wawili.